Sahihi ya uwanjani au ya kwenye pakiti?

Mwaka 1990 kampuni ya Upper Deck, watengenezaji wa kadi za picha za wachezaji ambazo watu hukusanya, ilichanganya kwenye pakiti zake za besiboli kadi 2,500 zilizotiwa sahihi na Reggie Jackson, nyota wa zamani wa mchezo huo, kila moja na namba yake. Uzuri wa kadi ya namna hii ni kwamba kampuni yenyewe inaithibitisha; ukiuza, hakuna ubishi. Ila siku hizi nyingine ni stika iliyosainiwa kando kisha ikabandikwa. Hizo sizipendi.

Sahihi ya uwanjani itafute Machi, timu za besiboli zikijinoa kwa msimu huko Florida na Arizona, Marekani. Unasimama kwenye uzio na kalamu ya bluu, kadi umeisugua poda ya mtoto ili mng'ao usikatae wino. Haina cheti, na mnunuzi atataka ikaguliwe. Mimi hata hivyo naichagua hiyo: umemwona mchezaji akiiandika, na kadi unaishika kwa pembe mpaka wino ukauke.