Siku Moja ya Kula Gouda: Jibini, Shira na Karafuu

Alhamisi moja ya mwezi Juni nilimchukua mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amekuja kunitembelea Den Haag, Uholanzi, kutoka Wete, Pemba, tukapanda treni ya asubuhi kwenda Gouda kwa nia moja tu, nayo ni kula. Safari yenyewe ni ya dakika 20 hivi, na kutoka stesheni hadi uwanja wa soko ni mwendo wa dakika 10 kwa miguu, tena kwenye njia tambarare ambayo mtu mzima mwenye maumivu ya magoti anaimudu bila taabu. Nawaandikia hasa ndugu zangu wanaoishi huku Ulaya na kupokea wageni kutoka nyumbani, kwa sababu mji huu unastahili siku nzima ya mgeni, alimradi uende Alhamisi asubuhi kati ya Aprili na mwisho wa Agosti, wakati soko la jibini linapofanyika, na alimradi usogee kuzungumza na watu wanaoitengeneza badala ya kupiga picha na kuondoka.

Jibini ya Gouda haikupewa jina hilo kwa kuwa ilitengenezwa mjini. Ilitengenezwa mashambani kote kuuzunguka mji, ikaletwa hapa kupimwa na kuuzwa. Ardhi ya eneo lile ni udongo mweusi wa kinamasi, na wakulima wa zamani walipoondoa maji ili walime, udongo ulididimia na kubaki na unyevu uliozidi mahitaji ya nafaka, lakini ukaotesha majani mazuri ya ng'ombe. Maziwa yakawa mengi kuliko walivyoweza kuyanywa, na jibini ikawa njia ya kuyahifadhi yasiharibike na kuyafikisha mbali. Ukiwa na habari hiyo kichwani, jengo la mizani lililojengwa mwaka 1668 pembeni mwa uwanja, kwa ramani ya msanifu Pieter Post, unalitazama kwa macho mengine: humo ndimo jibini ilimopimwa ili ilipiwe kodi, na juu ya mlango imechongwa picha ya mawe ya watu wakiipima.

Soko lilipofunguliwa saa 4, jibini za duara, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 12 hivi, zilikuwa zimepangwa safu kwa safu juu ya mawe ya uwanja. Muuzaji na mnunuzi hupigana viganja, kila pigo likitajiwa bei mpya, hadi pigo la mwisho linalofunga biashara. Mama alifurahi sana, akasema amekumbuka mnada wa samaki. Ni lazima niseme kweli kwamba mapatano hayo siku hizi ni maonyesho kwa ajili ya wageni, kwani jibini ya biashara kubwa haiuzwi tena namna hiyo, na anayetarajia soko la jumla la kweli atavunjika moyo. Hata hivyo, pembeni mwa maonyesho wapo wakulima wenye meza zao, na hapo biashara ni ya kweli kabisa.

Tulikaa kwenye meza moja ya namna hiyo kwa karibu saa nzima, na hiyo ndiyo sehemu bora ya siku yetu. Mama mkulima alitukatia jibini kwa kufuata umri, akianza na ile inayoitwa jong, yenye wiki 4 tu, ambayo ni laini, ina ladha ya maziwa na utamu wa mbali. Utamu huo unatokana na hatua moja ya utengenezaji: maziwa yakishaganda na kukatwakatwa, sehemu ya maji yake hutolewa na nafasi yake kujazwa maji ya moto, ili kupunguza sukari ya maziwa ambayo ingegeuka kuwa uchachu. Kisha ikaja belegen, ya miezi 4 hivi, yenye ladha iliyokolea zaidi, na baadaye oud, ya miezi 10 na kuendelea, iliyokuwa imekauka, rangi yake ikielekea kahawia, na ladha yake ikikaribia sukari iliyoungua. Ndani ya hiyo ya mwisho zilikuwamo chembe nyeupe zinazovunjika chini ya meno, nami kwa miaka yote niliyokaa Uholanzi nilidhani ni chumvi. Kumbe ni tairosini, kijenzi cha protini ambacho hujitenga na kuganda jibini inapokaa muda mrefu. Ninashauri uonje kwa mpangilio huohuo wa umri, kwa sababu ukianza na ile kongwe, changa itaonekana haina ladha, na hilo litakuwa kosa lako, si lake.

Kabla hajatia chochote kinywani, mama alikuwa ameniambia, "Mwanangu, muulize kwanza wamegandishia nini." Swali hilo ni la msingi kwa wasomaji wengi Waislamu, na nashangaa kwamba waongoza watalii hawaligusi. Jibini ya asili ya mashambani, inayoandikwa Boerenkaas na kutengenezwa kwa maziwa mabichi, kwa desturi hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa katika tumbo la ndama. Zipo pia zinazogandishwa kwa kimeng'enya kisichotokana na mnyama, na maneno ya kutafuta kwenye karatasi ya bidhaa ni vegetarisch stremsel au microbieel stremsel. Mama mkulima hakuona swali letu kuwa la usumbufu. Alituonyesha zipi ni zipi, akatenga kisu kingine na ubao mwingine, na sisi tukaonja zile tu tulizoridhika nazo. Kwa adabu hiyo peke yake ningerudi kwake.

Meza ya jirani waliuza jibini yenye karafuu, iitwayo nagelkaas, ambayo asili yake si Gouda bali ni jimbo la Friesland, kaskazini. Nagel ni msumari, na mtu aliyewahi kuanika karafuu anaelewa mara moja kwa nini Waholanzi waliiita hivyo. Mama, aliyekulia kwenye majamvi ya karafuu, alichokoa punje moja kutoka kwenye kipande alichopewa, akaibonyeza kwa ukucha kama wanavyofanya wanunuzi kupima mafuta, akaitafuna taratibu. "Karafuu hii imeshatoa mafuta yake yote kwenye jibini," alisema, "lakini jibini imeshukuru." Nilipomtafsiria muuzaji maneno hayo, aliomba nimwandikie kwa Kiswahili kwenye karatasi. Kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki ilishika biashara ya karafuu kwa mkono wa chuma katika visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, karne ya 17, na mche huo haukufika Unguja na Pemba hadi ukiritimba ule ulipovunjika. Kumwona Mpemba akiipima karafuu ya Waholanzi mezani kwao kulinigusa kuliko nilivyotarajia. Kwa ladha, jibini hii ni kavu na kali, inafaa kwa kipande chembamba na chai ya rangi, si kwa kula nyingi.

Chakula cha mchana ndicho kilichotuangusha. Tulikaa katika mgahawa mmoja unaotazama uwanja, tukasubiri dakika 50, tukaletewa supu ya vuguvugu na mkate wenye jibini ya kawaida ya dukani, katika mji wenye jibini ile tuliyotoka kuionja umbali wa hatua 30. Tuliacha nusu. Tulipata faraja kwenye kibanda cha samaki, tulikokula kibbeling, yaani vipande vya samaki mweupe vilivyochovywa kwenye unga wa majimaji na kukaangwa hapohapo, na mama hakulalamika tena.

Nafasi ya pili katika siku yetu, baada ya meza ya mkulima, naipa stroopwafel, ambayo wenyeji wa Gouda hupenda kuiita siroopwafel, na ambayo simulizi za mji humtaja mwokaji Gerard Kamphuisen, mwanzoni mwa karne ya 19, kuwa ndiye aliyeianzisha. Donge la unga wenye siagi, sukari na hamira hubanwa kati ya vyuma viwili vya moto vyenye miraba, likiiva hupasuliwa ubavuni likiwa bado la moto ili kupata mikate miwili myembamba, kisha hupakwa shira katikati na kufunikwa tena. Shira yao si ya kaimati. Ni nzito zaidi, ina siagi na harufu ya mdalasini. Zile za pakiti zinazouzwa viwanja vya ndege hazina uhusiano mkubwa na hii ya moto, ambayo kingo zake hukwaruza kidogo huku katikati yake ikivutika. Ukinunua za pakiti, iweke moja juu ya kikombe cha chai ya moto kwa dakika mbili, mvuke utailainisha shira.

Mchana tuliingia kwa muda mfupi kanisa la Sint-Jan, refu kuliko yote Uholanzi kwa mita zake 123 kutoka mbele hadi nyuma, kutazama vioo vyake vya rangi vya karne ya 16. Ni mahali pazuri pa kupumzisha tumbo.

Tulirudi kwa mkulima kabla hajafunga meza, tukanunua kilo moja ya jibini kongwe kwa ajili ya Wete. Alituambia tusichukue changa kwa safari ndefu ya joto, kwani hutoa mafuta na kulegea, ilhali kongwe iliyofungwa kwenye mfuko ulioondolewa hewa huvumilia. Mama aliiongezea nusu kilo ya ile yenye karafuu, akasema majirani lazima waijaribu.