Maji moto au dawa ya bomba: nani alinde mikorosho?

Mbu wa mikorosho, mdudu wa mimea asiye mbu wa kawaida, hufyonza utomvu wa machipukizi na maua mpaka yakauke na kuwa meusi. Mkulima wa pwani ana njia mbili: kupuliza dawa ya wadudu kwa bomba, au kufuga maji moto, yaani sisimizi wakali wanaoishi mitini.

Dawa ya bomba inaua haraka, na shamba likishavamiwa vibaya sioni mbadala. Lakini nguvu yake huisha, inabidi kurudia, na huua hata nyuki wanaochavusha maua.

Maji moto hawauzwi dukani. Tazama wakijenga kiota: wengine huvuta kingo za majani kwa taya, wengine hubeba mabuu na kuwapitisha huku na huku, nyuzi za mabuu zikishona majani yakiwa bado mabichi. Kisha hutawanyika matawini kutwa nzima wakiwinda na kufukuza wadudu. Wanauma, ni kweli; mkwezi wa minazi anawajua vizuri. Korosho, shukuru Mungu, huokotwa chini.

Mimi nachagua maji moto. Mti wenye viota hai usiupulizie kabisa dawa ya wadudu. Funga kamba kati ya miti wavuke. Ila ubwiriunga hawauwezi, huo ni ukungu: hapo tumia salfa.