PS5, Xbox au Switch 2? Tazama kwanza mdomo wa diski

Haya wadau, nimerudi. Leo mezani nina mashine tatu za gemu. Hii nyeupe ni PlayStation 5, hii nyeusi iliyosimama kama tofali ni Xbox Series X, na hii ndogo iliyolala hapa mbele ni Nintendo Switch 2. Tangu niweke ile video ya pedi, swali mnaloniuliza ni lilelile: ninunue ipi? Wengine hata salamu hawatoi, wanaandika tu "PS au Xbox?" halafu wanasubiri jibu la neno moja.

Jibu lipo, ila sitaanza na nguvu za mashine. PS5 na Series X zote zilitoka Novemba 2020, zote zina chipu ya kampuni ya AMD, zote zina RAM ya GB 16. Weka gemu moja kwenye zote mbili, TV zifanane, funika mashine kwa kitambaa, halafu niambie nitaje ipi ni ipi. Nitabahatisha tu, na wewe pia utabahatisha. Ninachotaka ukitazame kwanza ni hiki hapa, ngoja nisogeze kamera. Unauona huu mstari mwembamba? Hapa ndipo diski inaingia. Mimi huuita mdomo. Kuna mashine zenye mdomo na zisizo na mdomo, na tofauti hiyo itakugusa mfukoni muda mrefu kuliko nembo iliyoandikwa ubavuni.

Mimi mwenyewe nilishakosea hapo. Mashine yangu ya kwanza ya kizazi hiki niliichukua isiyo na mdomo kwa sababu bei yake ilikuwa chini kidogo, nikajiona mjanja. Wiki ya pili binamu yangu akaja na mfuko umejaa diski. Akatoa moja, akaizungusha mashine huku na huku akitafuta pa kuichomeka, akaiweka chini, akaniangalia. Sikuwa na la kusema. Siku hiyo tulicheza gemu moja ya bure hadi usiku, na mfuko wake ukabaki umefungwa pale pale.

Sasa sikiliza hesabu yake. Gemu ya diski ukiimaliza unaweza kuiuza, kubadilishana na mtu, kumwazima ndugu yako, au kuinunua mkononi mwa mtu aliyekwisha kuichoka. Gemu ya kupakua imefungwa kwenye akaunti yako. Huwezi kuiuza, na duka la kuinunulia kwenye mashine ile ni moja tu, la kampuni iliyoitengeneza. Wakishusha bei umebahatika, wasiposhusha utafanyaje? Kile kidogo ulichookoa siku ya kwanza kinaweza kuisha kwenye gemu tatu nne tu.

Kwa hiyo uwe makini na majina, kwa sababu maboksi yanafanana. PS5 Slim, iliyotoka Novemba 2023, ipo yenye kisomeo cha diski, yaani mdomo, na ipo isiyo nacho, lakini ile isiyo nacho unaweza kuinunulia kisomeo baadaye ukakibana ubavuni. Ila siku ya kukifunga lazima mashine iwe na intaneti ili ikitambue. PS5 Pro, ya Novemba 2024, inauzwa bila kisomeo kabisa, nacho unakiongeza hivyo hivyo. Xbox Series S, ile ndogo, haina mdomo na hutaweza kuuongeza kamwe. Series X ninayokuonyesha hapa inao, ila lipo toleo jeupe la mwaka 2024 lisilo nao. Mtu anakuja nyumbani na boksi la Series X, analifungua, diski hana pa kuiweka. Soma boksi.

Na wale mnaodhani diski inaokoa nafasi, haiokoi. PS5 na Xbox zinainakili gemu yote ndani ya mashine, halafu bado zinataka diski ikae humo wakati unacheza. Diski inakuwa kama ufunguo wa mlango. Na ukishaichomeka, bado kuna masasisho ya kupakua, wakati mwingine makubwa kweli.

Nintendo wao wanatumia kadi ndogo, hii hapa, inazidi kidogo tu ukucha wa kidole gumba. Kwenye Switch ya zamani nyingi zilibeba gemu ndani yake. Kwenye Switch 2 wameleta aina nyingine: kadi ambayo ndani haina gemu, ina ruhusa tu. Unaichomeka, unapakua gemu nzima kwa intaneti, halafu kadi lazima ibaki ndani ili ucheze. Unaweza kuiuza na kuiazimisha, hilo wamelilinda, lakini kama intaneti yako ni ya kuunga unga utaumia. Boksi la gemu lina alama ya kukuambia, ipo mbele upande wa chini. Itafute kabla hujalipa.

Nafasi nayo. PS5 ya kwanza iliandikwa GB 825, unazopata kutumia ni kama 667. Series S ya mwanzo iliandikwa GB 512, unabaki na kama 364. Kuna gemu za vita siku hizi zinazidi GB 100 moja peke yake, kwa hiyo kwenye Series S ile ya mwanzo unaweka tatu, ya nne unaanza kufuta. Switch 2 ina GB 256, lakini gemu zake ni nyepesi zaidi kwa kawaida. Ukitaka kuongeza, PS5 inapokea SSD za M.2, yaani hifadhi ndogo za ndani, zinazouzwa na kampuni nyingi, ila ziwe NVMe za Gen4. Xbox inataka kadi zake maalumu. Switch 2 inataka microSD Express, na ile microSD ya kawaida uliyoitoa kwenye simu au kwenye Switch ya zamani haitabeba gemu. Diski ya nje ya USB unaweza kuitumia kwenye PS5 na Xbox kutunzia gemu mpya na kuchezea gemu za kizazi kilichopita, ila gemu mpya zenyewe hazichezeki kutoka humo. Lazima uzirudishe ndani kwanza.

Haya, tukiacha mdomo, swali la pili ndilo ninalomuuliza kila anayenipigia simu: marafiki zako wako wapi? Usinijibu gemu unayoipenda, nijibu watu. Ukicheza mpira na washikaji mtandaoni, EA Sports FC inakuruhusu wewe wa PS5 kukutana na wa Xbox Series. Fortnite na Rocket League karibu hazijali mashine. Lakini GTA Online haivuki. Wenzako wakiwa PS5 na wewe ukanunua Xbox kwa ajili ya GTA Online, utakuwa unazunguka mjini peke yako. Na kwa mnaosubiri GTA VI, matangazo ya Rockstar, watengenezaji wake, yametaja PS5 na Xbox Series X na S. Switch 2 haimo.

Zamani gemu za kampuni zenyewe ndizo zilizoamua. Sasa ukuta huo umetoboka upande mmoja. Microsoft, wenye Xbox, wameanza kuzipeleka gemu zao kwa jirani: Sea of Thieves ilifika PS5 mwaka 2024, Forza Horizon 5 ikafuata Aprili 2025. Sony, wenye PlayStation, wamepeleka baadhi ya zao kwenye kompyuta baada ya muda, lakini Astro Bot na Spider-Man 2 huzikuti kwenye Xbox. Nintendo ndio hawapeleki kitu kwenye mashine za jirani. Mario Kart na Zelda unazitaka? Kamata mashine yao, PS5 na Xbox hutazikuta. Na bei za gemu zao hazishuki kirahisi, hata gemu ya mwaka 2017 unaikuta imekaa palepale inakukodolea macho.

Mtaniuliza, sasa Xbox inabaki na nini? Inabaki na Game Pass, na inabaki na kumbukumbu. Game Pass ni kulipa kila mwezi unapata gemu nyingi, na madaraja ya juu yana mamia. Kwa mtu anayecheza kidogo kidogo, anayeonja hii na ile, hakuna kinachoifikia. Lakini ukiacha kulipa mlango unafungwa, na gemu nyingine huondolewa humo hata kama hujaimaliza. Kwa mtu anayecheza mpira tu mwaka mzima, ni kulipia bwawa zima wakati unaoga kwa ndoo. PlayStation wana PS Plus yao, daraja la Extra na Premium zina mkusanyiko wa aina hiyo. Na kote kuwili, hata Nintendo, kucheza mtandaoni gemu uliyoinunua kunadai malipo ya usajili. Za bure kama Fortnite hazidai.

Kumbukumbu ninayoisema ni hii: Series X yenye mdomo inapokea diski za Xbox One, na inapokea nyingi za Xbox 360 na hata baadhi za Xbox ile ya kwanza. Kama una sanduku la diski za zamani chini ya kitanda, usilitupe. PS5 inacheza karibu gemu zote za PS4, ila diski za PS3 kurudi nyuma haizitambui. Switch 2 inacheza nyingi za Switch.

Pedi, kwa haraka. Pedi ya PS5 mkononi ndiyo tamu zaidi, inatetemeka kwa ustadi, na vitufe vya nyuma vinakaza ukivuta upinde kwenye gemu. Lakini chaji yake inaisha mapema. Ya Xbox inatumia betri mbili ndogo za AA, watu huicheka, mimi naipenda: zikiisha unabadilisha unaendelea. Ukihamia Series X au S, pedi zako za Xbox One zinafanya kazi. Ukihamia PS5, pedi ya PS4 inacheza gemu za PS4 tu, kwa hiyo kama mtacheza wawili weka hela ya pedi ya pili kabisa kwenye bajeti. Switch 2 inakuja na vipande viwili, ukivitenganisha watu wawili wanacheza siku hiyohiyo, ingawa mwenye mikono mikubwa kama yangu atalalamika.

Na TV. Geuka uiangalie TV yako kabla hujanitajia PS5 Pro. Kama ni ya HD ya kawaida, Pro unainunulia picha ambayo kioo chako hakiwezi kuionyesha. Series S imelengwa 1440p, yaani picha iliyo kati ya HD na 4K, kwa TV ndogo inatosha sana. Na kama TV ya nyumbani ina wenyewe, ikifika taarifa ya habari unanyang'anywa rimoti, basi Switch 2 ina kioo chake cha inchi 7.9, unaichomoa kwenye kituo chake unaondoka nayo chumbani na gemu inaendelea ilipoishia.

Unanunua iliyotumika? Usiiguse mpaka uione inawaka na inacheza gemu kwa angalau nusu saa. Sikiliza feni. Tikisa waya wa HDMI taratibu, picha ikikatika hiyo tundu imelegea. Ingiza diski, itoe, iingize tena. Ingia mtandaoni kwa akaunti yako mwenyewe, kwa sababu mashine iliyofungiwa na kampuni huwezi kuijua kwa kuitazama. Pedi iweke mezani bila kuigusa: mchezaji akitembea mwenyewe, kijiti kimelika ndani.

Basi jibu langu. Marafiki wako PS5 na unapenda mpira na gemu za hadithi: chukua PS5 Slim yenye mdomo, Pro iache. Unacheza peke yako, unapenda kuonja mengi, intaneti yako haina kikomo: Series S inatosha, chukua yenye TB 1 ukiipata. Una diski za zamani za Xbox: Series X yenye mdomo. Nyumbani kuna watoto, au TV si yako: Switch 2, na ukubali bei za gemu zake.

Lingine moja, limewauma wengi. Ukifungua akaunti ya PlayStation utaulizwa nchi. Usichague haraka haraka kwa sababu umesikia kule kuna ofa. Nchi ya akaunti ya PlayStation haibadilishwi, na ukikwama kulipa itabidi ufungue akaunti nyingine, na gemu ulizonunua zitabaki kule kwa ile ya kwanza. Xbox na Nintendo wanaruhusu kubadilisha.

Nazima kamera hapa. Binamu yangu yuko nje ya mlango tangu nianze kuongea, na safari hii amekuja na mfuko wake.