Bodi ya LM2596 kwenye betri ya mtumbwi: nunua, ila usiifunge kama ilivyo

Bodi hii ndogo ya bluu ya kushusha volti inawafaa wanaotaka kuchaji simu kwenye betri ya volti 12 inayowasha taa za dagaa, kama pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Inaiacha mbali regulata ya 7805, na sababu ni joto. 7805 hugeuza volti zilizozidi kuwa moto: betri ina 12.6, simu inataka 5, zilizobaki ni 7.6, na simu ikivuta ampea 1 hizo ni wati 7.6. Isipofungwa kwenye bati kubwa la kupoozea hujizima, ikipoa inarudi, na lawama anapewa mwenye waya wa chaji. LM2596 hukata na kurudisha umeme mara 150,000 kwa sekunde. Kila inapokata, mkondo wa koili huendelea kupita kwenye dayodi. Simu inapata ampea ile ile 1, betri inatoa kama nusu yake tu.

Dayodi hiyo ndiyo inayoharibiwa na mafundi. Iliyokuja na bodi ni SS34. Ikiungua, wengi huweka 1N4007 kwa kuwa imejaa kila duka na ni ya volti 1000. Haifai kabisa! Ile ni ya umeme wa hezi 50. Kwa kasi ya hapa haiwahi kufunga, umeme unapita kinyume, inachemka na aisii (chipu ya LM2596 yenyewe) inaifuata. Weka SS34 nyingine au 1N5822, upande wenye mstari uelekee pale aisii inapokutana na koili, upande wa pili kwenye hasi.

Kasoro kubwa: haina kinga ya kugeuza nyaya. Chanya na hasi zikibadilishana gizani, aisii na kapasita ya kuingilia ndiyo basi. Funga 1N5822 kwenye waya chanya, mstari uelekee kwenye bodi, na fyuzi ya ampea 2 karibu na betri. Dayodi hiyo itakula takriban nusu volti, haidhuru.

Usichomeke simu kabla ya kupima; bodi mpya inaweza kutoa volti 11. Zungusha kiskrubu cha bodi huku mita iko kwenye OUT (upande wa kutolea) mpaka isome 5.1. Mizunguko kadhaa ya mwanzo huenda isibadilishe kitu, endelea taratibu. Simu ikichaji kwa kusuasua, unganisha pini mbili za kati za soketi ya USB.

Ampea 3 zinazotangazwa zisahau. Bila bati ishia 2, na ndani ya boksi lililozibwa maji punguza zaidi. Ziko pia zenye aisii bandia. Weka resista ya omu 4.7, wati 10, kwenye OUT kwa dakika kumi, kisha toa umeme na uguse kapasita ya kutolea. Ikiwa haishikiki kwa joto, rudisha bodi dukani.

Kwa redio ndogo ya volti 6, bora regulata ya 7806. Redio inavuta kidogo, joto si tatizo, na LM2596 huleta mkwaruzo kwenye masafa ya kati (MW).