Feni za nyuma ya friji ya trela: uzoefu wangu kwenye joto la Arizona

Kwa anayeharakisha kujua kama feni za kupoza nyuma ya friji ya trela zinasaidia, jibu langu ni hili: zinafanya kazi, nimeridhika, na ningezinunua tena. Ila feni peke yake zilinipa nafuu ndogo. Nafuu ya kweli ilikuja nilipoweka vipande vya bati vya kuuongoza upepo, na bati hilo halimo kwenye boksi wala halitajwi kwenye karatasi ya maelekezo. Wengi huku wamezinunua, wakazifunga, halafu wakazilaumu bure.

Tunaishi Phoenix. Tuna trela la kulala, zile wanazoziita RV, la zamani kidogo, lenye friji ya milango miwili: friza juu, friji chini. Joto la hapa wengi mmelisikia. Mwaka 2023 mji huu ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo kila siku ilifika nyuzi 43 za Selsiasi au kuzidi. Mimi nimekulia Tanga na nilidhani joto nalijua, lakini la Tanga lina upepo wa bahari jioni. La huku ni kavu, na usiku wa manane ukiweka mkono kwenye ukuta wa trela bado una moto.

Dalili zilikuwa zilezile kila kiangazi. Asubuhi kipimajoto cha ndani ya friji kinasoma 5, tunapanga vyakula kwa raha. Ikifika saa tisa alasiri kinasoma 12 au 13. Siagi imelegea, maziwa yana harufu ya kutia shaka, na mkate wa friza umelowa upande mmoja. Chakula kinatakiwa kikae kwenye nyuzi 4 kushuka chini. Ndicho kiwango kinachotumika hapa Marekani, na kwa samaki na kuku mimi sichezi nacho.

Nilimpigia shemeji yangu, ni fundi wa majokofu ya malori.

"Shemeji, hiyo friji ina kompresa?" aliniuliza.

"Haina. Nyuma kuna moto wa gesi, na hita ya umeme tukiwa kambini."

"Basi tatizo usilitafute ndani. Zunguka nyuma uangalie joto linatokea wapi."

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana bila kuijua friji hii utatupa hela. Friji nyingi za matrela haya hazina kompresa, yaani pampu ya mota, wala kitu chochote kinachozunguka. Ndani ya mabomba mna amonia, maji na haidrojeni. Moto mdogo unachemsha mchanganyiko chini, mvuke wa amonia unapanda juu, unafika kwenye bomba lenye vipande vyembamba vya alumini vilivyopangwa, unapoa na kugeuka kimiminika, kisha unateremka kwenye friza na friji ambako unavukiza tena na kunyonya joto la chakula. Walioivumbua walikuwa wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Na wala si ngeni kwetu: friji za mafuta ya taa zilizokuwa zikihifadhi chanjo kwenye zahanati za vijijini zilitumia ufundi huohuo. Utambi unawaka chini, baridi juu, na watoto tulikuwa tukishangaa.

Sasa, lile bomba la juu lisipopoa, amonia haigeuki kimiminika ipasavyo, na ndani hakuna baridi. Na hakuna kinacholipoza isipokuwa hewa inayoingia kwenye tundu la chini ubavuni mwa trela, ikapanda nyuma ya friji kama kwenye dohani na kutokea juu ya paa. Nje kukiwa 43, hewa inayoingia tayari ni ya moto, na isipotembea kwa kasi joto linabaki palepale. Ukiongeza namba kwenye kidhibiti cha ndani hupati kitu. Mashine tayari inajitahidi hadi mwisho wake.

Seti niliyonunua ina feni mbili za volti 12, za ukubwa wa zile za kompyuta, fremu ya chuma, swichi ya joto, na waya wenye fyuzi. Bei ilikuwa chini ya dola 100. Sitaji kampuni kwa sababu seti hizi zinafanana sana, na malalamiko yangu machache nadhani yanazihusu zote. La kwanza ni waya: mfupi. Kutoka juu ya paa hadi kwenye sehemu za kuungia umeme wa volti 12, zilizo nyuma ya tundu la chini karibu na ubao wa saketi, haukufika. Niliunga kwa waya mwingine. La pili ni maelekezo, karatasi moja yenye picha ambayo haisemi hata feni zipulizie wapi. Zipulizie juu, kuelekea nje. Na zikae juu, kati ya lile bomba lenye vipande vya alumini na tundu la paa. Kuna wanaozifunga chini kwenye tundu la kuingilia. Ukifanya hivyo karibu na moto wa gesi, upepo unaweza kuuzima.

Kazi niliifanya alfajiri, maana paa la trela likishapigwa na jua halikanyagiki. Mume wangu alishika ngazi na kunipa zana. Kifuniko cha tundu la paa kilikuwa cha plastiki iliyochoka, kikatika sikio moja nilipokifungua. Chini yake, kwenye wavu, nilikuta nyasi kavu na manyoya ya ndege, na tundu la chini lilikuwa na viota vya udongo vya nyigu, viwili, vigumu kama saruji. Vipande vya alumini vilijaa vumbi la dhoruba za Julai. Nilivisafisha kwa brashi laini ya rangi na pampu ya baiskeli. Hata usiponunua feni, fanya hili.

Nikafunga feni, nikabana swichi ya joto kwenye vipande vya alumini, nikaunga umeme, gesi ikiwa imefungwa mtungini. Mchana zikawaka zenyewe. Kipimajoto alasiri: 10. Kutoka 13 hadi 10 ni maendeleo, lakini maziwa hayajui maendeleo.

Nilichungulia kwa tochi kupitia tundu la chini ndipo nikaona. Kati ya mabomba ya friji na ukuta wa trela palikuwa na nafasi inayopitisha ngumi yangu nzima. Hewa yote ilikuwa ikipanda pembeni mwa ukuta, pasipo na kizuizi, bila kuyagusa yale mabomba ya moto. Feni zilikuwa zinavuta hewa hiyohiyo ya pembeni. Ni kupepea jiko la mkaa ukiwa umesimama mlangoni. Watengenezaji wa friji hizi wenyewe wanataka nafasi hiyo iwe ndogo, kama sentimita 2 na nusu, na pale juu ya friji pasiachwe uwazi wa hewa ya moto kujikusanya. Aliyejenga trela letu hakujisumbua.

Nilinunua karatasi ya bati jembamba la alumini kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikalikata kwa mkasi wa bati. Kipande kimoja nilikikunja na kukikaza kwenye ukuta wa nyuma, chini kidogo ya lile bomba la juu, kimelala mshazari ili hewa isukumwe ipite katikati ya vipande vya alumini. Kingine nilikiweka juu ya friji, kimepinda kuelekea tundu la paa, ili hewa isibaki inazungukazunguka mle. Skrubu zinaingia kwenye mbao za ukuta tu. Usitoboe wala kugusa mabomba yenyewe kwa ncha yoyote. Ndani mna amonia kwa mgandamizo mkubwa. Ukiwahi kusikia harufu kali ya amonia au kuona unga wa njano kwenye mabomba, zima kila kitu, fungua madirisha, friji hiyo imevuja na feni hazitaisaidia.

Baada ya bati, jua lilelile, alasiri ileile ya nyuzi 43 nje: 6. Niliweka mkono juu ya paa mbele ya tundu na upepo uliokuwa ukitoka uliniunguza vidole. Nilifurahi vibaya sana. Lile joto ndilo lililokuwa likibaki ndani.

Swichi ya joto nayo niliihamisha. Nilipoiweka kwanza, mwisho wa bomba, ilikuwa inachelewa kuwasha, feni zinaanza friji ikiwa imeshazidiwa. Niliisogeza mwanzo wa bomba, upande unaopokea mvuke wa moto, sasa zinaanza mapema asubuhi na kuzima zenyewe usiku wa baridi. Feni mbili zinakula umeme mdogo sana, chini ya nusu ampea, hata tukiwa porini bila umeme betri haishtuki. Kelele ipo, mvumo mdogo. Anayelala kitanda cha upande wa friji ataisikia. Kiangazi cha pili feni moja ilianza kulia kwa sababu ya vumbi, nikaibadilisha kwa ya dukani ya kompyuta kwa bei ya soda chache.

Kutoka 6 kushuka hadi 4 kulitokana na mambo ya ndani, mengine ya bure. Feni ndogo ya betri niliyoiweka chini ya vipande vya alumini vinavyotoa baridi ndani ya friji, inayozungusha hewa, ilisaidia kuliko nilivyotarajia. Mpira wa mlango niliupima kwa noti: funga mlango juu ya noti, vuta, ikitoka bila kukwama hapo pana upenyo. Wetu ulikuwa umelegea kona ya chini, nikaupasha moto kwa kikausha nywele ukarudi umbo lake. Na friji tunaiwasha usiku wa kuamkia safari, maana hii si friji ya kupooza kitu kwa saa moja. Juisi ya ukwaju na maharage ya nazi vinaingia vikiwa vimeshapoa kwenye friji ya nyumbani. Wifi yangu alizoea kusukuma sufuria la pilau lenye moto mle ndani, na kwa heshima zote nilimwomba asirudie.

Kuna jambo moja kuhusu umeme wa kambi ambalo sijaona watu wakilizungumza. Mchana wa joto kila trela limewasha kiyoyozi, na volti za kambi zinashuka. Hita ya friji yetu ni ya volti 120. Nilipopima kwa mita nikakuta 105. Nguvu ya hita hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo kwa 105 unapoteza karibu robo ya nguvu, saa ileile unayoihitaji zaidi. Siku hizo nahamia gesi. Moto wake uwe wa bluu. Ukiwa wa njano una masizi, safisha, ila tundu la gesi lisichokonolewe kwa sindano maana ukilipanua umeliharibu.

Trela pia lazima likae sawa. Mle ndani vimiminika vinateremka kwa uzito wake tu, na trela likiinama vinatuama njiani na havirudi kwenye bomba la moto, nalo linapata moto kupita kiasi. Ikiendelea muda mrefu, kemikali ya kuzuia kutu iliyomo kwenye mchanganyiko inagandamana humo na kuziba, na hapo friji imekufa. Tukiegesha, kazi ya kwanza ya mwanangu mkubwa ni kuweka pimamaji kwenye sakafu ya friza na kupiga kelele "Mama, kushoto kidogo!" hadi povu litulie katikati. Kisha ubavu wenye friji tunaugeuzia kaskazini au mashariki, ili jua la alasiri lisiupige.

Je, ni bora kununua friji ya kompresa ya volti 12, kama zinazowekwa kwenye matrela mengi mapya? Inapoa haraka, haijali kuinama, na joto haliitishi sana. Lakini ni zaidi ya dola 1,000, na bila sola na betri za maana itakumaliza ukiwa mbali na umeme. Sisi tunapenda kulala misituni karibu na Flagstaff ambako hakuna nguzo ya umeme, na mtungi mmoja wa gesi unatupeleka mbali. Friji yetu ikifa nitabadilisha. Kwa sasa iko hai, kwa nini niizike?

Upungufu uliobaki nausema wazi. Kule Lake Havasu, nje kukiwa 47, friji ilipanda hadi 8 na friza haikutengeneza barafu. Kwa joto hilo nyama na maziwa vilihamia kwenye kasha la barafu, na vinywaji vya watoto hukaa humo daima, maana mlango wa friji unaofunguliwa kila dakika tano haulindwi na feni yoyote.

Nyota nne kati ya tano. Kabla ya kuagiza, panda juu upime upana wa tundu la paa, na uangalie kama lako liko paani au ubavuni, kwa sababu friji zilizo kwenye chumba kinachochomoza (sehemu ya trela inayosukumwa nje ukishaegesha) huwa na matundu yote mawili ubavuni na fremu yake ni tofauti. Na agiza bati siku hiyohiyo.