Firefox kwenye kompyuta ya steshenari: nyota nne

Kivinjari cha nyumbani na cha steshenari ni vitu viwili tofauti. Mashine zangu hukaliwa na kila anayeingia: mwanachuo anayeomba mkopo HESLB, baba anayefuatilia namba yake ya NIDA, dada anayetuma maombi Ajira Portal huku foleni ikimpumulia mgongoni. Kwa kazi hiyo Firefox naipa nyota nne kati ya tano.

Kinachonifanya nisiiache wengi hawakijui. Tumezoea kumfungulia mteja dirisha la faragha kwa Ctrl+Shift+P, tukiamini yuko peke yake. Sasa mfungulie na mteja wa pili kabla wa kwanza hajafunga. Madirisha yote ya faragha yaliyo wazi yanakula sahani moja, kwa hiyo wa pili akienda Gmail anakutana na barua za mwenzake. Chrome nayo ni vivyo hivyo. Dawa ni Multi-Account Containers, kiongezi cha bure cha Mozilla, hao hao wenye Firefox. Kila kichupo unakipangia chumba chenye jina na rangi, na aliyeingia kwenye akaunti yake chumba cha bluu hajulikani kabisa chumba cha kijani. Unaweza kuwa na akaunti nne za tovuti moja kwenye dirisha moja bila yoyote kuitoa nyingine. Mteja akiondoka nafuta chumba, na kuki zake, yaani alama zinazoiambia tovuti ni nani aliyeingia, zinakwenda nacho. Ila historia, pamoja na mafaili aliyopakua, havimo kwenye mgawanyo huo. Hata kwenye dirisha la faragha, cheti alichokipakua kinabaki kwenye folda ya Downloads mpaka ukifute kwa mkono wako.

Njia za mkato ziko nyingi, nataja zinazonilipa. Mteja akifunga kichupo kwa bahati mbaya katikati ya fomu, Ctrl+Shift+T inakirudisha, mara nyingi pamoja na alichokwisha kujaza. Ctrl+Shift+S, ukichagua ukurasa mzima, inapiga picha yake yote, hata ile sehemu ya chini isiyoonekana kwenye skrini. Ndivyo ninavyohifadhi ukurasa wenye kontrol namba ya malipo kabla mtandao haujakata. Ukurasa ukikataa kubonyezwa kulia, shikilia Shift ndipo ubonyeze. Na ukiwa nje ya kisanduku cha kuandika, bonyeza alama ya ' kisha anza kuandika jina la kiungo unachokitaka: Firefox inatafuta kwenye viungo tu, unapiga Enter, umeshaingia. Kipanya hujakigusa.

Orodha za walioitwa kwenye usaili, zile PDF ndefu zisizoisha, zinafunguka humo humo, na Ctrl+F inakupeleka kwenye jina. Andika la ukoo peke yake, maana mpangilio wa majina hubadilika. Ukiona haipati hata neno unalolisoma kwa macho yako, ujue karatasi iliskaniwa ikawa picha. Hapo ni kushuka mstari kwa mstari. Tangu 2022 unaweza pia kuandika na kuchora juu ya PDF bila programu nyingine. Kujaza fomu ni raha. Kusaini kwa kipanya, aa, saini inatoka kama ya mtoto wa chekechea.

Nyota ya tano imekwendaje? Ipo mifumo ambayo ni wazi iliundwa na kujaribiwa kwa Chrome peke yake. Unajaza kurasa zote, unabonyeza Wasilisha, kimya. Unarudia kila kitu kwenye kivinjari kingine, kinakubali papo hapo. Kosa ni la waliotengeneza mfumo, lakini mteja ananitazama mimi. Ndiyo maana Chrome sijaiondoa. Halafu mashine ya RAM ya GB 4 huanza kukwama vichupo vikizidi. Hapo naandika about:processes kwenye sehemu ya anwani, naona kichupo kipi kinakula kumbukumbu, nakifunga hicho.

Kama kompyuta ni yako peke yako na mambo yako yote yako Google, sioni cha kukuhamisha. Mwenye kaunta aijaribu, na aipakue kwenye tovuti ya Mozilla yenyewe, asipokee ile inayozunguka kwenye flashi.