Mimea ya hewa barazani Tanga: susu, dema na yale matufe ya kioo

Kama unaishi pwani na umeanza kutamani mimea ya hewa, usianze na matufe ya kioo ya kuwekea mimea hiyo. Ndiyo yanayopigwa picha kuliko vyote, ndiyo wauzaji wanayoyafunga pamoja na mche, na kwa hali ya hewa ya Tanga ndiyo niliyoyaondoa kwanza. Mimea yenyewe naisifu bila kusita. Tangu niwe nayo barazani sijapata tena hamu ya maua ya kwenye kopo. Ila kinachoamua kama itadumu au itaoza masika ya kwanza ni namna unavyoitundika, na hilo muuzaji wangu hakunieleza.

Kwa asiyeijua, jina lake la kitaalamu ni Tillandsia. Ni ndugu wa nanasi, familia moja kabisa, na ukitazama majani yanavyojipanga kuzunguka kitako utauona undugu huo. Kwao ni bara la Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina, na huota juu ya matawi, miamba, hata nyaya za umeme. Haihitaji udongo. Mizizi yake ni ya kushika tu. Kunywa inakunywa kwa majani, ambayo yamefunikwa vinyweleo vidogo vya rangi ya fedha vinavyonyonya maji na virutubisho. Wala si kimelea: mti unaubeba mmea, haunyonywi chochote.

Sasa, sehemu kubwa ya maelekezo utakayoyakuta yameandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu na nyumba zenye vipasha joto. Wao wanahangaika mmea usikauke. Sisi huku, kwa unyevu huu wa bahari, tunahangaika ukauke. Ukishaulowesha unatakiwa uwe mkavu ndani ya saa nne hivi. Maji yakituama katikati ya majani, kitako huwa cheusi, na siku utakayougusa majani yatabaki mkononi mwako. Kila nitakachosema kuhusu vya kutundikia kinatokana na hapo.

Matufe nilinunua mtandaoni pamoja na miche, mzigo ukaja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Tufe lina tundu moja ubavuni, linaning'inia kwa uzi, na asubuhi jua likipita ndani yake ukuta mzima unachezacheza mwanga. Ni zuri kweli. Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu kidogo, mimea ilikaa humo bila tatizo. Masika yakaingia. Hewa ndani ya tufe haitembei, kioo kinatoa jasho kwa ndani, na Tillandsia bulbosa iliyokuwa humo ikaoza kitako. Aina hiyo ina tumbo wazi kama kitunguu, maji yakiingia humo hayatoki kirahisi. Kuna na shida ya pili: dirisha likipigwa na jua la mchana, tufe linakuwa tanuri. Ukipewa zawadi, weka mche humo jioni ya wageni kisha utoe. Zaidi ya hapo, siwezi kumshauri mtu wa Tanga atoe hela yake.

Kilichonifurahisha kupita vyote ni susu. Waliokulia bara huenda hawajaiona: ni ule wavu wa kamba unaotundikwa darini, ambao bibi zetu waliwekea chakula kisifikiwe na paka wala panya. Siku hizi kabati na friji vimeifukuza jikoni, na mimi nadhani barazani ndipo inapostahili kurudi. Nilimwomba mama mmoja Ngamiani anayesuka kamba anifanyie ya ngazi tatu, kila ngazi na pete ya fito, matundu mapana kiasi cha kupitisha ngumi. Aliniuliza, "Mwanangu, mboga zitaanguka, matundu makubwa hivi?" Nikamwambia ni ya maua yasiyo na udongo. Hakuamini mpaka nilipomletea mche mkononi, akaugeuzageuza akitafuta mizizi.

Matundu mapana ndiyo siri yake. Mmea unakaa umelala kwenye kamba, upepo wa bahari unaupita juu, chini na pembeni, na ukitoka kuoshwa unakauka kabla ya adhuhuri. Nilimtaka atumie kamba ya katani, si ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Usumba ni imara, lakini unashika maji muda mrefu, na kitako cha mmea kikilala juu ya kamba iliyolowa ni shida ile ile ya tufe. Katani inakauka upesi. Kamba nyingine za kufungia mizigo hupakwa mafuta kiwandani, kwa hiyo loweka na kuiosha kwa sabuni, uisuuze sana, uianike, ndipo isukwe.

Na katani ni yetu, ingawa nayo ilikuja. Asili ya mkonge, unaotoa katani, ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai na kupandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Meksiko na Florida ndiko Tillandsia zinakoota mitini bila kupandwa na mtu. Nilipoona mche wangu wa Tillandsia ionantha umetoa mizizi na kuikumbatia kamba, nilifurahi kama niliyeona majirani wa zamani wamekutana ugenini.

Dema, ule mtego wa kuvulia samaki, ni la pili kwa ubora, na kwa uzuri huenda ndilo la kwanza. Nililipata Sahare kwa mvuvi aliyekuwa analitupa, limetoboka ubavu mmoja. Ule wavu wake wa matundu ya pembe sita unaonekana kama umetengenezwa kwa kazi hii: unapachika kitako cha mmea kwenye tundu lolote na unashika wenyewe, bila waya wala gundi. Nimelitundika kwenye kenchi ya baraza, limelala ubavu, na katikati yake imekaa Tillandsia xerographica, ile kubwa yenye majani ya fedha yanayojikunja. Kazi ipo kwenye chumvi. Dema limekaa baharini, na chumvi inaunguza vinyweleo vya majani. Loweka kwenye maji yasiyo na chumvi siku kadhaa ukibadilisha maji, kisha liache mvuani. Mimi nililiacha nje vuli nzima.

Nikiwa hapo kwenye xerographica: aina hiyo imeorodheshwa kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini, kwa sababu ilichumwa mno porini huko Guatemala na nchi za jirani. Muulize muuzaji kama miche yake imekuzwa kitaluni. Muuzaji mzuri hakasiriki kwa swali hilo, na yule niliyenunua kwake alinijibu vizuri, nampa haki yake.

Magogo ya ufukweni yanapendeza pia, chumvi ioshwe vile vile. Mmea ufungwe kwa mshipi wa kuvulia, hauonekani na hauozi. Ukilazimika kutumia waya, uwe wa aluminiamu, kamwe usiwe wa shaba: shaba ni sumu kwa mimea hii. Kwa sababu hiyo hiyo epuka vipande vya mbao vilivyotiwa dawa ya mchwa, maana dawa nyingi za mbao zina shaba ndani yake, na huku kwetu mbao nyingi za dukani hupitishwa kwenye dawa.

Kifuu cha nazi kina namna mbili. Ukikiweka kama bakuli, kitoboe chini matundu makubwa, vinginevyo ni kisima kidogo. Namna ya pili ndiyo ninayoipenda: kipindue kama kofia, toboa tundu juu, pitisha mshipi, kisha mmea uning'inie kichwa chini, kitako kikiwa ndani ya kifuu. Bulbosa na Tillandsia caput-medusae, zenye majani ya kujipindapinda, zinapendeza hivyo kuliko namna nyingine yoyote. Uzuri si wa macho peke yake. Mmea uliopinduliwa hauwezi kutuamisha maji, yote yanachuruzika, na aina hizo mbili ndizo zinazooza upesi kuliko zote. Bulbosa niliyonunua badala ya ile ya kwenye tufe imepita masika chini ya kifuu, kitako kigumu.

Tillandsia usneoides, ile inayoning'inia kama ndevu za kijivu, haina haja ya chochote. Kamba moja kutoka nguzo hadi nguzo inatosha, uitandaze kama pazia. Tatizo lake Tanga ni kunguru. Wanaichomoa kwa ajili ya viota, na nyaya za aluminiamu nazo wanazipenda. Yangu nimeihamishia ndani ya nondo za dirisha. Hilo linawafaa pia wenzangu wa nyumba za kupanga ambao mwenye nyumba hataki kusikia msumari: nondo za dirisha la mashariki ni mahali pazuri kabisa, jua la asubuhi linaingia, la mchana haliingii. Kanuni rahisi ya jua ni rangi ya jani. La fedha linavumilia mwanga mkali, la kijani linataka kivuli na maji zaidi.

Chochote utakachochagua, kitundike kwa ndoano ya kuchomoa. Mimea hii inaogeshwa, na kilichogongomelewa ukutani huwezi kukipeleka kwenye beseni. Mimi nalowesha dakika 20 hadi 30 mara moja kwa wiki wakati wa kaskazi, nakung'uta, naigeuza kichwa chini juu ya kitambaa, ikikauka inarudi mahali pake. Masika siiloweshi kabisa ile ya dema na susu, hewa yenyewe inatosha, naipitishia chupa ya kunyunyizia tu ikionekana kujikunja kuliko kawaida. Fanya kazi hiyo asubuhi. Tillandsia hufungua vitundu vya majani yake usiku ili ivute hewa ya kaboni, na ikilala imefunikwa na maji haiwezi kuvuta.

Maji bora ni ya mvua, yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya mwanzo. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini ipungue. Maji ya visima vyetu vingi vya pwani yana chumvi. Ukiyaonja ulimini ukaisikia, usiyatumie.

Ionantha ikikaribia kuchanua, majani ya katikati yanageuka mekundu, kisha maua membamba ya zambarau yanachomoza. Ule wa kwenye susu ulipofanya hivyo majirani walikuwa wanapanda ngazi kuutazama. Kila mmea huchanua mara moja tu, halafu hutoa machipukizi ubavuni na mama hufifia polepole. Watu wengi huyatenga machipukizi yakifika nusu ya ukubwa wa mama. Mimi naona ni bora kuyaacha, kwa sababu baada ya muda yanakuwa bonge la duara, na bonge hilo unalifunga mshipi mmoja likaning'inia peke yake bila susu wala kifuu.

Bei ndiyo malalamiko yangu makubwa yaliyobaki. Mche mdogo wa mimea ya hewa unauzwa kwa hela ambayo kwenye vitalu vya Tanga ungebeba miche kadhaa ya maua ya kawaida, na tufe la kioo linaipandisha zaidi. Muombe muuzaji akuuzie mche mtupu. Anza na ionantha mbili tatu, ndiyo ngumu kufa, ukague kitako kabla ya kulipa: kiwe kigumu, bila weusi wala harufu. Hela iliyobaki mpelekee msuka kamba, umwambie matundu yapitishe ngumi.